Maji Yana Wagombea, Taka Hazina Mwenyewe: Ilani kutoka Ikombe

Sisi ni wafinyanzi wa vyungu, wavuvi wa usipa na mbasa, wenye mitumbwi na wenye boti za injini, akina mama wa gulio la Lyulilo, walimu, wanafunzi, wakulima wa kakao na mpunga. Tunaishi pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kuanzia mlango wa Mto Songwe hadi hapa Ikombe, ambapo Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini na kutuachia ufuko mwembamba wa kujengea, kulima, kuanikia dagaa na kuzikia wafu wetu. Leo tunaanzisha vuguvugu la kuitoa plastiki katika ziwa hili na kuizuia isirudi.

Vuguvugu bado halina jina. Tumeona si adabu kulibatiza peke yetu wakati ndugu zetu wa Karonga, Nkhata Bay na Likoma upande wa Malawi, na wa Cobué na Metangula upande wa Msumbiji, hawajasikilizwa. Mtoto wa watu watatu hapewi jina na mmoja wao usiku wengine wamelala. Ilani hii imeandikwa kwa Kiswahili kwanza kwa sababu ndiyo lugha ya mkutano wetu. Itasomwa kwa Chichewa na kwa Kireno kabla haijaitwa ilani ya ziwa zima.

Kuna watakaouliza watu wa ziwani wanatafuta nini katika mazungumzo ya bahari. Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye maji yenyewe.

Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea. Nao ni Mto Shire, kusini kabisa, ndani ya Malawi. Shire unapita Liwonde, unaporomoka kwenye mitambo ya umeme ya Nkula, Tedzani na Kapichira, unaingia Msumbiji na kuungana na Zambezi, na Zambezi unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Chinde. Kwa hesabu ya ramani, basi, mtu anayeosha sufuria Ikombe yuko juu ya mfereji unaoishia baharini. Ndiyo maana Tanzania, nchi ambayo wengi hawaifikirii kabisa inapotajwa Zambezi, ni mwanachama wa Kamisheni ya Mto Zambezi pamoja na Angola, Botswana, Malawi, Msumbiji, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Imeingia humo kwa tiketi ya ziwa letu.

Lakini tusidanganyane. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haitoki kwa Shire. Inapaa kwa mvuke. Kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilikuwa chini kiasi kwamba Shire haukupokea maji yake kabisa, miaka ishirini mizima. Jua linachukua maji, haliichukui chupa. Chupa iliyotupwa leo kati ya Matema na Ikombe pengine haitaiona bahari. Itabaki humu humu, ikipigwa na mawimbi na kuchomwa na jua hadi imeguke vipande, na vipande viwe chembechembe, na chembechembe zizame. Na kuzama si kuisha. Ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi, na ukivuka mita 250 kwenda chini hakuna oksijeni. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Kilichofika huko kimewekwa akiba. Upande wetu, kwa jinsi mlima ulivyo mkali, maji hayo yasiyo na oksijeni hayako mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo hatujiungi na mazungumzo ya bahari kama wakosaji wa mbali wanaoombwa wasiwachafulie wengine. Tunajiunga kama watu wenye bahari yao wenyewe, isiyo na chumvi, yenye aina zaidi ya 800 za samaki ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na isiyo na pa kupeleka uchafu wake. Bahari Kuu ikichafuka, dunia ina mikutano. Ziwa Nyasa likichafuka, lina sisi.

Mwera na masika

Hoja ya kwanza ambayo kila mgeni huambiwa akifika ufukweni ni kwamba taka hizi si zetu. Akija Julai ataamini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera unavuma kutoka kusini, unapanda na ziwa urefu wake wote, na kila kinachoelea unakisukuma kuja pembeni kwetu. Ndipo zinapofika chupa na pakiti zenye maandishi ya viwanda vya Malawi, kandambili zisizo pea, vipande vya nyavu, maboya yaliyokatika. Wavuvi wanaufahamu mwera kwa sababu nyingine, za hatari zaidi, lakini hata mtoto anajua kwamba siku tatu baada ya upepo kutulia ufuko una sura mpya.

Akija Aprili ataona kinyume. Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi mno nchini, na mvua hiyo ikiungana na ya Rungwe, mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka imesomba mifereji ya Tukuyu na mitaro ya Kyela mjini. Songwe nao unaleta vya Ileje na vya Wamalawi wa ng'ambo, vimechanganyika hata huwezi kuviamulia. Nembo zinazosomeka kwenye chupa za Aprili ni za Dar es Salaam na Mbeya. Baadaye, upepo ukigeuka, zinasafiri kuelekea kusini kuwa kero ya watu wengine, nao wanasimama kwenye fukwe zao wakiapa kwamba Watanzania ni wachafu.

Wote wana ushahidi mkononi, na wote wamekosea hesabu. Kazi ya kwanza ya vuguvugu hili ni kumaliza ubishi huo kwa kuhesabu. Kila mwezi, katika vipande vya ufuko tutakavyoviwekea alama, tutakusanya, tutapanga na kuandika daftarini: chupa ngapi, pakiti ngapi, nyavu kilo ngapi, zenye maandishi ya nchi gani, za kiwanda gani, zisizo na maandishi ni ngapi. Daftari hilo litafanana kila mahali, Karonga na Metangula, ili kurasa ziweze kuwekwa pamoja. Wanafunzi wa shule za msingi wanaweza kazi hii kuliko wataalamu, kwa kuwa wapo kila mwezi.

Hatuhesabu kwa kujifurahisha. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kuwa walikuta plastiki katika matumbo ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza, samaki mmoja kati ya kila watano. Hilo ni Ziwa Victoria. Kwetu jambo lina uzito wa namna yake. Sangara hupasuliwa, matumbo yakatupwa. Mbasa vivyo hivyo. Usipa hapasuliwi. Anaanikwa mzima, anakaangwa mzima, analiwa na kichwa, mifupa na utumbo wake, na ndiye kitoweo cha maskini kuanzia Kyela hadi Lilongwe. Tunataka vyuo vikuu vyetu na vya Malawi vije kumpima usipa wa Ziwa Nyasa, na majibu yasomwe kwetu katika mkutano wa kijiji kabla hayajasomwa hotelini.

Mpaka

Hapa tunaingia kwenye jambo ambalo wengi walitushauri tulipite kimya.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wao wa Heligoland, na kwa maandishi yale mpaka ulichorwa kando ya ufuko wetu wa mashariki. Malawi inashikilia hapo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama desturi ya mataifa ilivyo, na kama Waingereza na Wareno walivyokubaliana kwa upande wa Msumbiji mwaka 1954. Mabishano yalipamba moto kuanzia 2011 na 2012, ilipotolewa leseni ya kutafuta mafuta chini ya ziwa, na viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Ramani za nchi mbili hizi hadi leo hazifanani.

Hatuna neno la kuongeza katika kesi hiyo, na vuguvugu hili halitachukua upande. Tunaona tu kioja kimoja: maji yana wagombea wawili, mafuta yana wagombea wawili, samaki wana wagombea watatu, taka hazina hata mmoja. Hakuna serikali iliyowahi kuandika barua kudai kwamba chupa zile zilizo mita mia mbili kutoka ufukweni ni mali yake halali.

Na kutodaiwa huko ndiko kunakotuua. Ziwa Tanganyika lina mkataba wa nchi nne uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, na lina mamlaka yake yenye makao Bujumbura. Ziwa Victoria lina kamisheni ya bonde na lina shirika la uvuvi. Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa barani, halina chombo cha pamoja cha nchi zake tatu. Kila mradi unaofika hapa unaishia pale ambapo mwenye mradi anaogopa kuchora mstari kwenye ramani yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu na inafanya kazi yake, lakini mamlaka yake yanaishia ilipoishia Tanzania, na kuishia huko kwenyewe ndiko kunakobishaniwa.

Je, haiwezekani watu kushirikiana wakiwa bado wanabishana? Inawezekana, na mfano uko kilomita chache kutoka hapa. Mto Songwe una tabia ya kuhama. Mvua kubwa ikinyesha, unaacha mkondo wake na kuchimba mwingine, na shamba lililolala Tanzania linaamka Malawi. Nchi hizi hizi mbili, zikiwa katikati ya ugomvi wa ziwa, zilikaa pamoja na mwaka 2017 zikatia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe. Ugomvi wa ziwani haukuzizuia kukubaliana juu ya mto unaoingia humo humo ziwani. Na mbali zaidi, Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959 uliwekwa na nchi ambazo baadhi yake zilikuwa zikidai vipande vile vile vya barafu. Ziliandika tu kwamba hakuna litakalofanyika chini ya mkataba huo litakalohesabiwa kuongeza au kupunguza dai la yeyote.

Sentensi ya namna hiyo ndiyo tunayoitaka. Tunazitaka serikali za Tanzania, Malawi na Msumbiji ziandike makubaliano ya taka za Ziwa Nyasa, mafupi, ya kurasa chache, na ukurasa wa kwanza useme kwamba kuokota chupa si kudai mpaka. Mvuvi wa Karonga akiburuta wavu uliopotea hadi Matema asiulizwe kibali cha kuingilia. Na boti yetu ya taka ikisukumwa na upepo hadi Chilumba isishikwe kama chombo cha wavamizi. Kama kuanzisha chombo kipya ni gharama, Kamisheni ya Zambezi ipo, makao yake Harare, na nchi zote tatu ni wanachama. Iunde kitengo cha ziwa.

Ndoo na chungu

Watu wa mbali wakisikia kwamba wafinyanzi wa Kikisi wa hapa Ikombe wameanzisha vuguvugu dhidi ya plastiki, haraka wanadhani tunatangaza biashara. Kwamba tunataka dunia iache ndoo irudie mtungi. Basi tuliweke wazi.

Vyungu vya Ikombe vinafinyangwa na wanawake, vinachomwa mahali pa wazi pale pale ufukweni kwa kuni na nyasi, vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi Lyulilo, na kutoka hapo vinafika Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Chungu kikivunjika, kigae chake kinarudi kuwa udongo, na kabla ya hapo kinabebea makaa au kinanyweshea kuku. Ni kweli ndoo ya plastiki iliua soko la mtungi wa maji. Lakini hakuna mama hapa atakayemwambia binti yake aache ndoo abebe mtungi kichwani kupandisha mlima. Aliyewahi kubeba vyote viwili hahitaji semina.

Na ndoo si adui yetu. Ndoo inanunuliwa kwa kukusudia, inatumika miaka, ikipasuka inachomelewa kwa kisu cha moto, ikishindikana inapandwa mchicha. Dumu lililokwisha kubeba mafuta linakuwa boya la wavu. Kandambili iliyokatika inakatwa vipande, vinatobolewa na kuvalishwa kwenye kamba ya juu ya wavu. Ndugu zetu wa Lamu walikwenda hatua kubwa zaidi: fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika kandambili 30,000 za rangi zote, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Tunawavulia kofia. Ila hata wao watakubali kwamba hakuna majahazi ya kutosha duniani kumaliza kandambili.

Tunachopigana nacho ni plastiki ya dakika kumi: chupa ya maji inayonywewa kati ya Kasumulu na Kyela mjini, pakiti ya juisi, kifuko cha karanga, kifungashio chepesi kilichojigeuza mfuko wa kubebea baada ya mifuko yenyewe kukatazwa. Pamoja nayo tunapigana na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo zikipotea haziachi kuvua. Zinaua samaki ambao hakuna atakayewala, mwaka baada ya mwaka.

Juu ya makatazo tuna ya kusema, na mengine ni ya kusifu. Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017. Tanzania Bara ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na yeyote anayekumbuka miembe ya Kyela ilivyokuwa imevaa rambo atakiri kwamba katazo lilifanya kazi. Kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2017, pombe za viroba zilikatazwa, na vijifuko vile ambavyo vilikuwa vimetapakaa kila kituo cha basi vikapungua sana. Kumbe inawezekana. Malawi nayo ilikataza plastiki nyembamba mwaka 2015. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani, mwaka 2019 mahakama ya juu ikaunga mkono katazo, na kesi hazikuishia hapo. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mfuko uliokuwa kosa upande mmoja wa Songwe ulikuwa bidhaa upande wa pili, na Songwe kiangazi unavukika kwa miguu.

Makatazo ya nchi moja moja tumeyaona, na tunajua yanafika wapi. Sasa tunataka sheria moja kwa bonde zima: kitu kilichokatazwa Kyela kikatazwe Karonga, na kilichokatazwa Karonga kisiuzwe Lichinga.

La pili tunalotaka halihitaji teknolojia wala mfadhili. Kila muuza duka Tanzania anajua kreti la soda za chupa. Ukinunua soda ya chupa ya kioo unaacha pesa ya chupa, au unainywea pale pale huku mwenye duka anakutazama. Ndiyo maana hukuti chupa hizo ziwani. Hazina uadilifu kuliko za plastiki, zina bei tu. Viwanda vilivyotuzoesha utaratibu huo ndivyo vilivyouvunja vilipoleta chupa ya kutupa, na gharama ya kuiondoa chupa hiyo vikaiacha kwa ziwa. Tunataka pesa ya chupa irudi, kwa kila chupa ya plastiki inayouzwa katika nchi tatu, na ipokelewe pande zote: chupa ya Malawi ilipwe Matema, ya Tanzania ilipwe Nkhata Bay. Viwanda vikasuluhishane huko huko vilipo. Siku chupa tupu ikiwa na thamani ya pipi moja, watoto wa ziwa hili watamaliza kazi ambayo makongamano yameshindwa.

Na isisemwe kwamba waokotaji wapo tayari na soko lipo. Wapo kweli, vijana wa makopo wa Kyela na Mbeya tunawafahamu na tunawataka katika vuguvugu hili. Lakini mnunuzi mkubwa wa plastiki chakavu yuko Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka hapa. Kilo ya chupa iliyotoka Ikombe inapanda mtumbwi, inashuka Matema, inapanda gari, na kabla haijafika Uyole nauli imeshaila. Ndiyo maana tunasema anayezalisha alipe nauli. Halmashauri nazo zikubali jambo dogo: kwa vijiji vya chini ya Livingstone, gari la taka ni boti. Hakuna tambarare ya kuchimbia dampo hapa, na plastiki inayochomwa jikoni inaingia kwenye vifua vya walio jikoni.

Geneva

Tarehe 2 Machi 2022, jijini Nairobi, nchi 175 zilikubaliana kuandika mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, wenye nguvu ya sheria, uwe tayari kufikia mwisho wa 2024. Miongoni mwa mapendekezo yaliyojenga uamuzi huo lilikuwemo la Rwanda na Peru. Jambo hili lina mkono wa Afrika Mashariki tangu kuzaliwa kwake. Wajumbe wakaenda Punta del Este, Paris, wakarudi Nairobi, wakaenda Ottawa, Busan, na Agosti 2025 Geneva, wakaachana tarehe 15 asubuhi bila mkataba.

Kilichowagawa hakikuwa siri. Nchi nyingi, zikiwemo nyingi za Afrika, zilitaka mkataba uweke kikomo kwa plastiki inayotengenezwa. Nchi zenye mafuta na viwanda vya kemikali zilitaka mkataba uzungumzie taka tu: kukusanya, kuchakata, kuelimisha. Kwa kuwa maamuzi yalisubiri kila mtu akubali, wachache walitosha kuwazuia wengi.

Msimamo wetu ni huu. Dunia inatengeneza plastiki zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka, na katika yote iliyowahi kutengenezwa ni kama asilimia 9 tu iliyochakatwa ikatumika tena. Kumwambia mtu wa Ikombe aelimike zaidi wakati bomba limefunguliwa hivyo ni kumkejeli. Tunaunga mkono kikomo cha uzalishaji. Tunataka, baada ya njia ya maafikiano kushindwa, kura zipigwe. Hata mkutano wa kijiji ukishindwa kuafikiana huinua mikono. Na tunawataka wajumbe wa Tanzania, Malawi na Msumbiji waingie ukumbini na ombi moja la pamoja: maziwa na mito inayomilikiwa na nchi zaidi ya moja itajwe ndani ya mkataba, na fedha zake zifike huko. Umoja wa Mataifa wenyewe unakadiria kwamba tani milioni 19 hadi 23 za plastiki huingia kila mwaka katika maziwa, mito na bahari. Maziwa yametangulia katika sentensi hiyo, lakini kwenye bajeti ni bahari inayotajwa.

Hatutasubiri Geneva ili tuanze. Lakini hatutakubali pia kwamba kuanza kwetu kuwe kisingizio cha Geneva kuchelewa.

Namna tutakavyokwenda

Vuguvugu halitakuwa na rais. Litakuwa na waratibu wawili kila ufuko, mmoja mwanamke, wa kubadilishwa kila mwaka baada ya mavuno ya mpunga. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vina nafasi, makanisa na misikiti ina nafasi, vyama vya siasa vitasubiri nje hadi uchaguzi upite, na baada ya hapo pia vitasubiri kidogo. Hatutachapisha fulana. Hatutaweka chupa za maji mezani kwenye mikutano yetu; maji yatakuwa kwenye mitungi ya Ikombe, na hilo, tunakiri, ni tangazo la biashara.

Siku za usafi wa kupigiwa picha tutazihudhuria tukialikwa, kwa heshima ya mwenyeji. Hatutaziita kazi. Anayekuja na glavu mpya, bendera na kamera aje pia na daftari, na abaki hadi hesabu iandikwe.

Nyavu zilizopotea tutaanza nazo sisi wavuvi, kwa sababu tunajua ziliponasa. Kila mwenye chombo atakayejiunga anaahidi mambo mawili: kurudisha nchi kavu kila alichotoka nacho, na kutoa taarifa ya wavu uliopotea bila kutozwa faini kwa kusema ukweli. Hilo la faini tutalizungumza na maofisa uvuvi kabla ya msimu, maana bila hilo hakuna atakayefungua mdomo. Mbasa anapanda Kiwira, Lufilyo na Mbaka kutaga. Midomo ya mito hiyo ndiyo itakayosafishwa mwanzo.

Nakala ya ilani hii inakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, kwa Bodi ya Maji iliyoko Tukuyu, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa Kamisheni ya Songwe na kwa Kamisheni ya Zambezi. Nakala nyingine itavuka Songwe kwa mkono, kwa shemeji zetu wa Karonga, ambao ni Wangonde na lugha yao na Kinyakyusa zinasikilizana bila mkalimani. Waipeleke kusini kwa meli na kwa basi, kila mji uongeze lake na ufute lisilowafaa.

Kikao cha pili kitafanyika Matema, mwera ukishatulia ili waliopo ng'ambo waweze kusafiri. Ajenda tatu zimeshapokelewa: jina la vuguvugu, muundo wa daftari la hesabu, na nani atalipia mafuta ya boti. Wazee wameomba ya tatu iwe ya kwanza.